Matembezi ya wastaafu: panga saa kabla ya mahali

Kwa mliostaafu mkiwa England na mmejiunga na u3a ya mtaani kwenu (chama cha wastaafu wanaojifunza pamoja): ukijitolea kuongoza kikundi cha matembezi, usianze na makumbusho gani, anza na saa ngapi. Kadi ya basi ya wazee kwa kawaida haianzi kufanya kazi siku za kazi mpaka saa 3:30 asubuhi. Ukiwaita watu mlangoni saa nne, wa mbali watalipa nauli au watachelewa. Mimi husema saa tano, tena ndani, karibu na mgahawa, si nje kwenye baridi.

Kiingilio si tatizo. London, British Museum, National Gallery na Victoria and Albert Museum ni bure; maonyesho maalumu ndiyo yenye tiketi. Chagueni vyumba viwili au vitatu tu. Magoti ya miaka sabini hayataki ziara ya jengo zima, na viti vyenyewe ni vya kugombania.

Kwa kuwa u3a haina mitihani wala walimu wa kulipwa, mpe kila anayependa kitu kimoja cha kueleza kwa dakika tano. Mshonaji mstaafu akisimama mbele ya vazi la kale atawaonyesha pindo na mishono ambayo kibao cha maelezo hakiitaji kabisa.

Halafu tafuta msaidizi mapema. Yeye atembee nyuma na wanaokwenda polepole, akiwa na namba za simu za wote.