Kuuliza Nasaba ya Lamu Ukajibiwa

Ukiwauliza watafiti wenzako wa nasaba tu "nani anawajua akina Omar wa Lamu?" hutapata kitu. Andika jina la mtu, la baba na la babu, mtaa wake (Mkomani, Langoni), kazi yake na mwaka wa kukadiria. Taja pia ulikokwisha kutafuta, wenzako wasirudie kazi.

Majina matatu hayatoshi kila mara. Kwa kuwa mjukuu hupewa jina la babu, Ali bin Omar bin Ali anaweza kuwa na mjukuu anayeitwa vivyo hivyo, na vizazi viwili vikaandikwa kama mtu mmoja. Watenganishe kwa jina la mama au la mke. Wazee nao waulizwe waziwazi: ni baba aliyemzaa, au baba mdogo?

Tarehe ndizo zinazoharibu kazi nyingi. Hati za zamani za ndoa na mirathi, na mawe ya makaburi, mara nyingi hufuata Hijria, kalenda ya Kiislamu. Kupata mwaka wa Miladi, yaani wa kalenda ya kawaida, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha jumlisha 622: 1300 inakuwa 1883. Ukijumlisha 622 peke yake utapata 1922, umepotea miaka 39, maana mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11.

Jiwe la kaburi lipige picha asubuhi au alasiri, jua likiwa ubavuni, herufi zipate kivuli. Usipake chaki wala kukwangua. Chokaa iliyochakaa hubanduka na maandishi yake. Tuma picha nzima, kisha kila mstari peke yake.