Unataka kukaa kijijini Java? Soma hii kabla hujatuma pesa ya ploti

Kama uko na kazi ya kufanyia kwa laptopu popote, ama umeoana na mtu wa Indonesia na mnawaza kuhamia kwao, ama umechoka tu na Nairobi na unataka kuamka ukiangalia mashamba ya mpunga, hii nimekuandikia wewe. Naanza na ardhi kwa sababu hapo ndo pesa za watu hupotelea.

Mgeni hawezi kumiliki shamba Java, ambacho ni kisiwa cha Indonesia. Sheria yao ya ardhi ni ya 1960 na inasema umiliki kamili, wao wanauita hak milik, ni wa raia peke yake. Hata sisi katiba yetu ya 2010 inampa mgeni lizi isiyozidi miaka 99, kwa hivyo usishangae. Sasa utapata broka mwenye mdomo mtamu akwambie usijali, shamba tunaandika kwa jina la mtu wa hapa halafu mnasaini karatasi kando ya kuonyesha mwenyewe ni wewe. Kimbia. Kifungu cha 26 cha hiyo sheria kinasema mpango kama huo ni batili, ardhi inaenda kwa serikali na pesa uliyolipa huwezi kuidai, na loya hata awe mkali vipi hana pa kushika.

Iko haki nyingine inaitwa hak pakai, haki ya kutumia, ambayo mgeni mwenye kibali cha kukaa anaweza kupata: miaka 30, inaongezwa 20, halafu inaweza kufanywa upya kwa 30 tena. Ikisikika hivyo ni tamu lakini serikali imeweka bei ya chini kwa nyumba ambazo mgeni anaruhusiwa kununua, na kwa mikoa ya Java hiyo bei ni mabilioni ya rupia. Nyumba ya kawaida ya kijijini haikaribii hapo. Kwa hivyo mtu wa kawaida akitaka kijiji, anakodisha, na mimi naona hiyo ndo njia safi hata kama uko na pesa.

Waliooana na Mwindonesia wasikize hapa vizuri. Bila mkataba wa kutenganisha mali, mali mnayopata kwa ndoa inahesabiwa ya nyinyi wawili, na hiyo inaweza kumfanya mwenzako ashindwe kushika hak milik kwa ardhi mnayonunua, yaani raia kabisa anazuiliwa kwa nchi yake kwa sababu yako. Zamani huo mkataba ulikuwa lazima uandikwe kabla ya harusi, lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba yao uliosomwa 2016 mnaweza kuandika hata mkishaoana. Muone notaris, mwanasheria wao wa kuandika mikataba, kwanza, ploti baadaye. Na mkifika kwa ploti muitishe sertifikat, yaani hati ya ardhi, na iangaliwe kwa ofisi ya ardhi, vile ungefanya sachi hapa. Vijijini kuna watu bado wana girik tu, karatasi ya zamani ya kodi, na hiyo si taito hata kama chifu wa kijiji ameapa kuwa shamba lilikuwa la babu.

Kukodi nako kuna mambo yake. Mwenye nyumba wa Java hataki kodi ya mwezi na diposit kama landilodi wa Nairobi, anataka mwaka mzima mbele. Lipa mwaka mmoja. Usikubali kulipia miaka kumi eti upunguziwe, hujui kama hiyo joto na jogoo na adhana ya alfajiri utaviweza. Mkataba uandikwe, na aliyesaini awe ndiye jina lake liko kwa hati, si shemeji yake.

Ukienda kuangalia nyumba angalia juu ya kuta kabla ya kusifu mbao za mlango. Tarehe 27 Mei 2006 tetemeko lilipiga upande wa Yogyakarta, Bantul na Klaten, watu zaidi ya 5,700 wakafa, na wengi waliangukiwa na nyumba za matofali ambazo hazikuwa na nguzo wala mkanda wa zege wa kushika kuta. Kwa hivyo uliza: kuna nguzo za zege kwa kona? kuna mkanda unaozunguka juu? Kama ni karibu na Merapi, mlima wa volkano, uliza pia kijiji kiko eneo gani la hatari, ramani zipo na wanakijiji wanajua, huo mlima uliua zaidi ya watu 350 mwaka wa 2010. Mengine ya nyumba utayazoea haraka. Maji mara nyingi ni ya kisima na pampu, kuoga ni kuchota kwa kata, umeme kwa nyumba nyingi ni wa tokeni, unaingiza tarakimu 20 kwa mita kama hapa tu.

Sasa majirani, na hapa ndo ningetaka ukae sana. Siku ya kwanza nenda kwa Pak RT, kiongozi wa ile mitaa midogo ya nyumba chache, na kopi ya pasipoti. Mgeni anatakiwa aripoti ndani ya masaa 24 na hakuna anayekuchukia, ni utaratibu. Kila mtu mzima muite Pak (mwanamume) ama Bu (mwanamke) kabla ya jina, toa na upokee kwa mkono wa kulia. Usiku kuna ulinzi wa zamu, na vijiji vingi utaona kikopo kidogo kimening'inia mbele ya kila nyumba: wanaofanya zamu wanapita wakichukua mchele kidogo ama sarafu uliyoweka humo, na hiyo pesa inasaidia mambo ya kijiji. Inaitwa jimpitan. Weka yako kila siku, ni pesa ya peremende lakini kikopo kikiwa tupu kila mtu anajua. Harusi ni hivyo hivyo, bahasha yako inaandikwa kwa daftari na kiasi chake, na siku yako ikifika utarudishiwa kadiri hiyo. Mtu aliyekaa kwa chama hapa kwetu ataelewa mara moja. Kukiwa na kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji toka na jembe, usitume pesa kwa niaba yako.

Ukulima usiutegemee kukulisha. Kisiwa hakifikii hata robo ya ukubwa wa Kenya na kina watu zaidi ya milioni 150, wakulima wengi wana chini ya nusu hekta, na wengi wanalima la mwingine wakigawana mavuno nusu kwa nusu. Vijana wanaenda Jakarta, Malaysia, Taiwan. Na viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi ya kulipwa, hata ya shamba. Mpunga wenyewe unapandwa mvua ikianza karibu Novemba, wanawake wakirudi kinyumenyume kwa matope, unavunwa kama Februari hadi Aprili, wanapanda tena, halafu kiangazi wanaweka mahindi, soya ama njugu. Ukitaka baridi nenda Dieng, nyanda za juu za zaidi ya mita 2,000, viazi kila mahali kama Kinangop, Julai na Agosti hadi barafu inashika majani alfajiri.

Kufika: unabadilisha ndege, wengi hupitia Doha ama Dubai, na saa za Java ziko mbele yetu masaa manne. Jakarta hadi Yogyakarta chukua treni, ni kati ya masaa sita na nane na unaona mashamba njia yote. Barabara ya kulipia ya Jakarta hadi Surabaya iliunganishwa 2018 kwa hivyo basi pia ni haraka. Wanaendesha kushoto kama sisi, ila pikipiki usiishike bila leseni ya pikipiki, bima haitakulipa. Epuka wiki za Idi, kila mtu anarudi kwao na tikiti zinaisha mapema sana. Viza uliza ubalozi wao hapa Nairobi ama tovuti rasmi ya uhamiaji wao, na ukipitisha siku faini ni rupia milioni moja kwa kila siku. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ukitoka Kenya wanaitaka, na dawa ya mbu ya kupaka mchana kwa sababu mbu wa homa ya dengi wa huko hawangoji usiku.