Kubuni bendera ya mji mdogo, na jinsi kijani na bluu zilivyonitoa jasho

Nimetoka kuisaidia kamati ya mji mmoja mdogo kuchora bendera. Naandika hatua tulizopitia kabla sijasahau tulikwama wapi.

Hatua ya 1: Chagueni la kusema

Mkikaa watu saba, kila mmoja atataka chake kiwemo: mlima, mto, mwenge, gurudumu. Andikeni vyote, mbakize viwili au vitatu. Tazameni bendera ya Chicago ya mwaka 1917: milia miwili ya samawati kwa ajili ya maji ya mji huo, na nyota nyekundu zinazosimamia matukio, ukiwemo moto mkubwa wa 1871. Ilianza na nyota mbili. Ya tatu ikaongezwa 1933, ya nne 1939. Mchoro haukuvurugika, kwa sababu ulikuwa na nafasi.

Hatua ya 2: Ondoeni maandishi

Jina, kaulimbiu, nembo ya halmashauri, vyote nje. Bendera nyingi huchapwa kwenye kitambaa cha safu moja, kwa hiyo upande wa pili maneno yanasomeka kinyumenyume. Pocatello, mji wa jimbo la Idaho, Marekani, waliweka kaulimbiu. Mwaka 2004 bendera yao ikashika mkia kati ya bendera 150 za miji ya Marekani zilizopigiwa kura. Mwaka 2017 wakapata nyingine, yenye vilele vya milima na bila neno hata moja.

Hatua ya 3: Penseli kwanza

Chora kisanduku cha sentimita 3 kwa 1.8. Ukikitazama kwa umbali wa sentimita 60, ndivyo bendera ya sentimita 150 kwa 90 inavyoonekana ukiwa mita 30 kutoka kwenye mlingoti. Kisichoonekana hapo, kifute. Anayeanzia kwenye kompyuta huishia kupamba.

Hatua ya 4: Rangi

Hapa ndipo zilipokwenda siku zangu mbili. Tulikuwa na kilima cha kijani juu ya mto wa bluu. Kwenye skrini mchoro ulipendeza mno. Tulipochapa kipande cha majaribio na kukitundika uani, kwa mbali likaonekana doa moja jeusijeusi. Nikaongeza mwanga kwenye kijani, kikafanana na nyasi za plastiki. Nikafifisha bluu, mto ukapotea angani.

Dawa ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Bendera ya Tanzania ina kijani na bluu, ila kati yake umepita mlia mweusi wenye kingo za njano. Ya Kenya nayo hutenganisha nyeusi, nyekundu na kijani kwa milia myembamba ya nyeupe. Rangi mbili zilizokolea zisigusane. Ziwekee nyeupe au njano katikati. Nasi tukaweka ukingo mweupe, ukafa tena kwa kuwa ulikuwa uzi tu. Tulipoufikisha robo ya upana wa mto ndipo ukaonekana.

Jaribu pia kugeuza mchoro uwe wa kijivu kitupu: pande mbili zikifanana, una tatizo. Lakini usiuamini mtihani huo peke yake. Njano na nyeupe hupita kila moja ikiwa mbali na mwenzake, zikikaa pamoja zinamezana. Na skrini hutoa mwanga wake yenyewe, kitambaa hakitoi. Jua likiwa nyuma ya bendera, kila rangi hukolea zaidi. Chapa kipande, kitundike, kitazame asubuhi na jioni. Hakuna njia ya mkato niliyoiona.

Hatua ya 5: Mchoro wa fundi

Tumia Inkscape au programu yoyote ya vekta, yaani ya kuchora kwa mistari inayokuzwa bila kuharibika. Programu za picha achana nazo, mchoro ukikuzwa unachakaa. Andika uwiano (sisi tulichukua 2:3), upana wa kila mlia kwa sehemu, na namba ya kila rangi. Onyesha upande wa mlingoti kwa mshale. Wa kwetu haukuwa na mshale, na bendera mbili za mwanzo zilishonwa kichwa chini.