Kabla Hamjapiga Pamoja Mtandaoni: Jamulus Kwenye Windows, Mac na Linux

Jamulus ni programu huria inayowawezesha wanamuziki walio majumbani mwao kupiga kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Mpiga gitaa wa Windows na mwimbaji wa Linux husikilizana vizuri tu, maana kinachosafiri kati yao hakibadiliki: sauti iliyobanwa kwa Opus (njia ya kufinya sauti), sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, ndani ya pakiti za UDP, yaani vifurushi vidogo vya data vinavyotumwa bila kusubiri uthibitisho. Tofauti ya mifumo iko ndani ya kila kompyuta, pale sauti inapoingia na kutoka. Ndiyo maana maandalizi yaanzie hapo, na yaanze siku kadhaa kabla. Saa ya mazoezi si saa ya kutafuta draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa cha sauti.

Fahamuni kwanza uchelewaji mnaoweza kuuvumilia. Hewani sauti huenda kama mita 3.4 katika milisekunde 10, hivyo hata wapigaji wa chumba kimoja husikilizana kwa kuchelewa kidogo. Bendi nyingi hushika mapigo mpaka uchelewaji wa milisekunde 25 hadi 30 kwa upande mmoja. Zaidi ya hapo kila mtu anamsubiri mwenzake na wimbo unazidi kupoa. Bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa, ikiwa ya sampuli 64 inakula milisekunde 1.3, ya 128 inakula 2.7, ya 256 inakula 5.3, na bafa hizo zipo wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Anzeni na 128 kwa wote, kisha kila mmoja ashuke kadiri kompyuta yake inavyomudu bila kukwaruza.

Windows ndiyo yenye kazi kubwa zaidi, kwa sababu Jamulus ya kawaida humo hutumia draiva ya ASIO (aina ya draiva yenye uchelewaji mdogo), na kompyuta nyingi haziji nayo. Mwenye kadi ya sauti ya nje ya USB apakue draiva ya ASIO kutoka kwa mtengenezaji wa kadi hiyo. Asitosheke kuona kwamba Windows imeitambua kadi yenyewe, kwani draiva iliyomo ndani ya Windows si ASIO. Asiye na kadi ya nje atumie ASIO4ALL, draiva ya ASIO inayofanya kazi na kadi za kawaida, lakini ategemee kulazimika kupandisha bafa. Draiva nyingi za ASIO hukubali programu moja tu kwa wakati mmoja, hivyo funga kivinjari na programu za mikutano kabla ya kufungua Jamulus. Ingia pia kwenye mipangilio ya faragha uruhusu programu za mezani (desktop apps) kutumia maikrofoni. Faiawali (kinga ya mtandao ya Windows) ikiuliza mara ya kwanza, kubali.

Mac haina mengi. Tangu macOS Mojave ya mwaka 2018 kila programu inahitaji kibali cha maikrofoni. Ukikikataa, Jamulus itafunguka na kuunganishwa kama kawaida, ila wenzako hawatakusikia hata kidogo. Fungua Audio MIDI Setup, programu ya Mac ya mipangilio ya sauti, uhakikishe kadi iko kwenye 48,000, si 44,100.

Kwenye Linux sauti hupita JACK, mfumo wa kuunganisha sauti kati ya programu na kadi, na siku hizi mara nyingi ni PipeWire, mfumo mpya zaidi, inayojifanya JACK. Amri hii huianzisha Jamulus ikiwa na bafa ya 128:

PIPEWIRE_LATENCY=128/48000 pw-jack jamulus

Sauti ikikatikakatika ilhali kompyuta ina nguvu, mara nyingi sababu ni kwamba mtumiaji hana ruhusa ya kutanguliza kazi za sauti mbele ya nyingine. Mwingize kwenye kundi la audio, weka mstari wa "@audio - rtprio 95" na wa "@audio - memlock unlimited" katika faili iliyo ndani ya /etc/security/limits.d, toka kabisa kwenye akaunti, ingia tena, kisha andika ulimit -r. Ikijibu 95, umefaulu. Ikijibu 0, hujatoka kwenye akaunti au umekosea jina la kundi.

Kosa moja halichagui mfumo: kuingiza sauti kwa maikrofoni ya USB na kusikilizia kwenye tundu la kompyuta. Hivyo ni vifaa viwili, kila kimoja na saa yake ya ndani inayopanga mwendo wa sampuli. Zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, pengo hukua kwa sampuli 2.4 kila sekunde, na bafa ya 128 huliwa yote kwa takriban sekunde 53. Utasikia mkwaruzo unaorudi kila baada ya muda, na wengi huulaumu mtandao bure. Tumia kadi moja kwa kuingiza na kutoa. Hedifoni ziwe za waya. Za Bluetooth mara nyingi huongeza milisekunde zaidi ya 100.

Kuhusu mtandao, kebo kutoka ruta hadi kompyuta haina mbadala wa kweli. Kwa vifurushi vya sampuli 64 Jamulus hutuma pakiti 750 kila sekunde, na Wi-Fi huzichelewesha bila mpangilio hata kasi yake ikiwa kubwa. Pima muda wa pakiti kwenda na kurudi kwa amri ya ping -n 100 kwenye Windows, au ping -c 100 kwenye Mac na Linux, ikifuatiwa na anwani ya seva, yaani kompyuta inayopokea sauti za wote na kuwarudishia zikiwa zimechanganywa. Tazama umbali kati ya jibu la haraka na la kuchelewa kuliko kutazama wastani.

Seva iwe karibu na wapigaji. Nairobi na Dar es Salaam ziko takriban kilomita 670 kwa mstari mnyoofu, na mwanga kwenye fiba hutumia kama milisekunde 3.4 hivi kuzivuka. Lakini kampuni zenu za intaneti zisipobadilishana data hapa nyumbani, kwenye vituo vya kubadilishana data kama KIXP ya Kenya au TIX ya Tanzania, pakiti zinaweza kwenda Ulaya na kurudi. Amri ya tracert kwenye Windows, au traceroute kwingineko, itawaonyesha njia ya pakiti: mkiona lon (London), mrs (Marseille) au fra (Frankfurt) katikati ya safari, badilisheni seva au mtoa huduma, maana hakuna bafa itakayoponya hilo. Mpigaji hahitaji kufungua mlango wowote kwenye ruta. Mwenye seva anahitaji kufungua mlango wa UDP 22124. Intaneti ya simu kwa kawaida haimpi mteja anwani yake ya umma, kwa hiyo seva ikodiwe kwingine.

Kisha kila mtu azime usikilizaji wa moja kwa moja kwenye kadi yake, apige akifuata sauti yake inayorudi kutoka kwenye seva. Anayefuata sauti yake ya papo hapo atawachelewesha wote bila kujua.

Fanyeni jaribio la dakika 20 siku mbili kabla, mmoja akipiga metronomu. Baada ya jaribio hilo asiwepo wa kusasisha mfumo wala draiva, na wa Windows asitishe masasisho mpaka kazi iishe.