Kabla hujakonfemu chuo cha binafsi, chukua daftari kwanza

Matokeo ya form six yakitoka kila mtu anawaza chuo gani kitamchukua, mambo ya hela yanakuja baadae, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilikonfemu kozi ya biashara chuo kimoja cha binafsi kwa sababu ada yao ilikuwa milioni 1.8, nikamwambia mama mbona imezidi ya vyuo vya serikali kidogo tu, tukanywa soda. Mwaka wa kwanza haujaisha tumeshalipa milioni 2.3, geto (chumba cha kupanga) bado, na sikuelewa zimeendaje mpaka nilipomwaga risiti zote kitandani nikaanza kujumlisha moja moja.

Kwa hiyo daftari. Ukurasa wa kwanza andika gharama ya mwaka mzima, sio ada peke yake. Waombe chuo mchanganuo wote, ule mrefu sio ule wa kwenye bango: usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, elfu 20 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), bima ya afya kama haupo kwenye kadi ya mzazi, fildi (mafunzo kazini), na mwaka wa mwisho kuna joho. Halafu uliza maswali mawili ambayo hawapendi kuulizwa, sapu moja (kurudia mtihani uliofeli) bei gani, na ada ikipanda inawahusu wanaoingia tu au na sisi tuliomo ndani. Zidisha kwa miaka ya kozi yako. Sheria vyuo vingi ni minne na ukitaka uwakili kuna Law School mbele, MD (udaktari) ni mitano na mwaka wa intern juu.

Ukurasa wa pili ni mkopo, na hapa ndio watu wengi wanapigwa. Mtu anasikia "nimepata mkopo" anapost kabisa, kumbe hajafungua mgawanyo wake. Bodi ya Mikopo inagawa kwa vipengele, bumu (hela ya kujikimu) la chakula na malazi ni elfu 10 kwa siku tangu 2022/23, vitabu laki 2 kwa mwaka, na ada ni kipengele chake, unaweza ukapewa bumu zuri tu halafu kwenye ada wamekuwekea nusu au chini ya hapo, na inayobaki chuo kinakudai wewe sio Bodi. Angalia namba ya ada kwanza. Ikiwa ndogo kata rufaa dirisha likifunguliwa, usione aibu. Na cheti cha kuzaliwa kihakiki RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema (Zanzibar ni ZCSRA), kama mzazi amefariki cheti cha kifo nacho, kama kaya iko TASAF (mpango wa kusaidia kaya maskini) weka hiyo taarifa, maana wanaangalia uhitaji na uhitaji unaonekana kwenye makaratasi. Waliopasua sana masomo ya sayansi kuna Samia Scholarship, ufadhili wa serikali. Vyuo vya makanisa na vya Kiislamu vingine vina misaada yao midogo midogo ambayo hata haitangazwi, nenda ofisini uulize.

Ukurasa wa tatu ni mshahara. Usimuulize mtu wa admisheni, yule yuko kazini. Tafuta watu watatu waliomaliza kozi hiyo hiyo chuo hicho hicho miaka miwili mitatu nyuma, na asiwe yule aliyebandikwa kwenye kipeperushi. Waulize walikaa nyumbani miezi mingapi, walianza na shilingi ngapi, na je kazi wanayofanya inahusiana na walichosoma. Kisha ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usome matangazo ya kada yako, utaona ngazi ya mshahara imeandikwa pale, na serikali inalipa kwa ngazi, haijali ulilipa ada kiasi gani. Udaktari kwa binafsi ada inaweza kuwa mara tatu ya chuo cha umma, mkiajiriwa serikalini wote mnaanzia ngazi moja.

Sasa tuseme umepata kazi kampuni binafsi, mshahara laki 8. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 inaondoka na elfu 80. PAYE, kodi ya mshahara, inakokotolewa kwenye laki 7 na 20 iliyobaki, inakuja elfu 60. Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara, elfu 120. Mkononi unabaki na laki 5 na 40, hapo hujapanda daladala.

Deni lenyewe je? Tuseme kila mwaka Bodi walikupa ada milioni 1.2, bumu siku 240 ni milioni 2.4, vitabu laki 2. Jumla milioni 3.8, kwa miaka mitatu milioni 11.4. Gawa kwa elfu 120, ni miezi 95, karibu miaka minane. Afadhali siku hizi, ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021 kwa hiyo deni halivimbi. Ukijiajiri nako hujapona, kiwango cha chini ni laki moja kwa mwezi.

Kipimo changu (sio sheria): hela ambayo familia itatoa mfukoni kozi nzima, ukishaondoa mkopo, isizidi take home yako ya mwaka wa kwanza kazini. Kwa mfano wetu gharama ya mwaka milioni 2.3 toa ada ya Bodi 1.2 inabaki 1.1, mara tatu ni 3.3, na take home ya mwaka ni kama 6.5, hapo nenda. Ila hizo 6.5 ni kama umepata kazi. Wale watatu wakikwambia walikaa nyumbani mwaka mzima, rudia hesabu kwa nusu mshahara uone kama bado inasimama.

Isiposimama kuna dirisha la pili la udahili, kuna diploma pia, ambayo tangu 2023/24 baadhi ya kozi zake zina mkopo. Mdogo wangu tulikaa nae na daftari hilo hilo jikoni kwa mama, akakata vyuo viwili kwa peni nyekundu, dirisha la pili akapata cha serikali Mbeya. Mama akauliza soda iko wapi.