Mtoto akianza habari za "mama yangu wa zamani": fanya hivi, na hivi usifanye

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka mitatu na kidogo, tuko jikoni Tanga mi nachambua mchicha, akaniangalia tu akasema, "mama yangu wa zamani alikuwa anaweka nazi nyingi." Nikaacha mchicha. Mama yupi? "Wa zamani, wa kule." Na hapo hapo ndo nikaharibu, maana badala ya kutulia nikaanza kumhoji kama askari wa kituoni. Alikuwa anaitwa Fatuma? Eeh, Fatuma. Au Zuhura? Eeh, Zuhura. Mlikuwa mnakaa Pangani? Eeh. Mlikuwa na punda? Eeh! Dada anarudi kazini jioni anakuta mwanawe ana mama wa zamani mwenye majina mawili, nyumba Pangani, na punda, na huyo punda nimemleta mimi kwa mdomo wangu. Bibi kusikia akataka mtoto akasomewe usiku huo huo, jirani mmoja Mjaluo yeye wala hakushtuka, akatuambia kwao mtoto akilia bila kunyamaza wanamtajia majina ya wazee waliokufa mpaka anyamaze, na jina alilonyamazia ndo anapewa. Nyumba nzima kelele. Mtoto mwenyewe kalala zamani.

Tangu siku hiyo nimesoma sana mambo haya na nimeona bora niandike namna ya kufanya, maana wenzangu wananiuliza mara kwa mara na wengi wanarudia kosa langu lile lile. Kabla hatujaenda mbali, hapa siongelei kuzaliwa mara ya pili kwa kuokoka, naongelea mtoto anayesema aliwahi kuishi kwingine, akafa, akazaliwa kwenu. Na sikwambii uamini, dini yangu haina hilo jambo na pengine yako pia. Ila we kuamini au kutoamini hakutomnyamazisha mtoto aliyekaa mbele yako anadai nazi.

Jambo la kwanza ni kutulia, na utatulia ukijua haya mambo yana msimu. Kuna daktari wa magonjwa ya akili, Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia kule Marekani, alianza kufuatilia watoto wa namna hii miaka ya 1960 na hakuacha mpaka uzee, kafariki 2007, yeye na wenzake wamekusanya mafaili zaidi ya 2,500, mengi ya India, Sri Lanka, Burma (siku hizi Myanmar), Uturuki, Lebanon. Mtoto kwa kawaida anaanza kusema akiwa na miaka 2 mpaka 5, alafu akifika 6, 7 au 8 inaisha yenyewe bila dawa na bila kombe. Wanaompinga Stevenson nao wana hoja zao, wanasema watoto wanaokota maneno ya wakubwa na wazazi wanajazia yaliyobaki, na mi mwenye punda wangu siwezi kubishana nao sana.

Kwa hiyo daftari. Chukua daftari la shilingi mia tano, andika tarehe, andika na alichokuwa anafanya mtoto wakati anasema, na maneno yake vile vile alivyoyatamka, kama kasema "gali" andika gali. Usirekebishe, usifupishe. Simu nayo inarekodi sawa ila rekodi za simu zinapotea, simu inaibiwa, simu inaangukia ndoo, daftari utalikuta. Na usimuulize swali ambalo jibu lake ni ndiyo. Uliza "eeh, alafu?" basi, kisha nyamaza, mtoto akimaliza kamaliza.

Kwa nini nasisitiza hivi, kuna kisa kimoja cha Lebanon, kwa Wadruzi, jamii yenye dini yake huko. Wale kwao roho kurudi ni sehemu ya dini, wana na neno lao kabisa la mtoto anayeanza kusema hayo mambo, nutq, yaani kunena, kwa hiyo mtoto akinena hamna anayekimbilia kwa shehe. Mwaka 1964 Stevenson alifika kijiji cha Kornayel akakuta mtoto wa miaka mitano anazungumzia kijiji kingine, Khriby, anataja majina, anamsifia mwanamke mmoja mrembo, na anataja lori lililomgonga mtu likamuua. Wazazi walikuwa wameshashona nguo nzima kutoka kwenye hivyo vitambaa: mwanetu alikuwa fulani, mrembo ni mkewe, kafa kwa lori. Stevenson akaandika kila kitu kabla hawajakanyaga Khriby. Kufika kule, wa lori yupo kweli ila ni mtu mwingine, na maelezo mengi yakaangukia kwa ndugu yake, kijana aliyekufa 1949 kwa kifua kikuu, hakuwahi kumuoa huyo mrembo, alikuwa hawara yake tu. Yangekuwa hayajaandikwa mapema nani angejua lipi kasema mtoto na lipi kaongeza baba?

Na kwenye kisa hicho hicho kuna kitu ndo kilinifanya nipende haya mambo. Yule mtoto alipoanza kutembea alikuwa anafurahi kupita kiasi, anamwambia mama yake tazama, naweza kutembea sasa. Nyumbani wakasema bila shaka lori lilimvunja miguu. Kumbe yule wa kifua kikuu siku zake za mwisho alikuwa wa kitandani, kutembea hawezi. Ukweli wake siujui, lakini we fikiria mtu afe, arudi, na kitu anachoshangilia kuliko vyote ni kuvuka chumba kwa miguu yake.

Ndo maana nashauri kwenye daftari ugawe ukurasa katikati, upande mmoja anachokitamani cha kule, upande mwingine asichotaka hata kukisikia. Utaona upande wa kutamani umejaa vitu vidogo vidogo, na chakula ndo kinaongoza. Burma kulikuwa na msichana wa kijiji cha Nathul, kazaliwa 1953, alidai alikuwa mwanajeshi wa Kijapani, mpishi, na kwao Japani alikuwa na kiduka na watoto. Burma hiyo hiyo ambako babu zetu wa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walipelekwa mwaka 1944 kupigana na hao hao Wajapani, kwa hiyo nilipokisoma nilikaa sawa kwenye kiti. Huyu mtoto hataki pilipili, anataka vitu vitamu, analalamikia joto la pale alipozaliwa, anasema anataka kurudi kwao. Mwingine wa Uttar Pradesh, India, miaka ya 1950, alisema yeye ni Brahmin, yaani tabaka la juu kabisa la Wahindu, na hali chakula kilichopikwa na watu wa tabaka lile alilozaliwa, akagoma kweli kweli, ikabidi jirani mama wa Kibrahmin awe anampikia zaidi ya mwaka! Na kuna wa Bareilly, mji wa India hiyo hiyo, ndo kiboko, wazazi maskini wa Mungu, mtoto anachana nguo za pamba anataka hariri, na anawaambia chakula chenu hiki watumishi wangu wasingekigusa.

Sasa ukipata wa hivyo ufanye nini. Usimchape. Usimcheke. Na usigeuze nyumba iwe hoteli yake. Kama anachotaka ni kidogo na kipo, mpe kimya kimya, dada aliongeza tui kwenye maharage siku mbili tatu na wala hakusema kitu, mtoto akala. Yule wa kugomea chakula nao mwishowe walianza kumchanganyia cha nyumbani taratibu, akarudi kwenye sahani ya wenzie. Akitaka kisichowezekana, hariri, gari, watumishi, mjibu kama unavyomjibu mtoto yeyote anayetaka mwezi: hapa hatuna, kaa tule. Kuna wanaoomba sigara na pombe pia kwa sababu wanadai walikuwa wanatumia, hiyo haina mjadala hata kidogo.

Wakitamani watu ndo pagumu. Shanti Devi wa Delhi, aliyezaliwa 1926, alikuwa anamtaja mume wake wa zamani wa mji wa Mathura, mfanyabiashara wa vitambaa, na mtoto aliyemzaa kisha yeye akafariki siku chache baadaye. Habari ikamfikia Gandhi, ikaundwa tume ya watu 15, Novemba 1935 wakampandisha treni mpaka Mathura. Watu wanakisimulia kisa hiki kwa ajili ya tume na magazeti. Mi nakumbuka tu kwamba yule mwanaume alipoletwa Delhi na kijana wake, binti wa miaka minane alikusanya midoli yake yote akampa "mwanawe" ambaye kamzidi umri. Na alimuuliza mume kwa nini umeoa tena wakati uliniahidi. Shanti Devi hakuolewa mpaka anafariki 1987. Siwezi kusema ni kwa sababu ya ile safari, lakini mtoto kuzungukwa na kamati, mapicha na umati stesheni, hapana, mi kwangu lisingetokea.

Kwa hiyo akililia mtu, msikilize, mwambie "unamkumbuka eeh," mkumbatie, muendelee na kazi. Usimtafutie huyo mtu Facebook. Usipeleke mtoto mlangoni kwa watu waliofiwa, wale nao wana msiba wao, unawafumulia kidonda kwa maneno ya mtoto wa miaka minne. Akishikilia sana na mkaamua kwenda, muwe wawili watatu tu, daftari limeshaandikwa kabla, na aongoze njia yeye, we usimwoneshe nyumba kwa jicho wala kwa kidole, maana mtoto anayasoma macho yako haraka kuliko unavyodhani.

Huyo wa Bareilly alipokuwa kijana wa miaka 23 hivi alikutana na yule mwanamke aliyekuwa akimpenda kwenye hayo maisha ya zamani, mama mtu mzima, kashapita 50. Kijana akazimia. Usiku akaenda kwake na chupa ya pombe. Yule mama akamfukuza, akamwambia mi ni sawa na mama yako, na chupa akaipasua. Nikisoma hapo huwa nampigia makofi yule mama.

Upande wa pili wa ukurasa, asichokitaka, mara nyingi ni namna alivyokufa. Kwenye hayo mafaili, wale ambao kifo chao kinajulikana, kama 70 kwa 100 hawakufa kwa maradhi ya kawaida, ni ajali, maji, risasi, nyoka. Na hofu inabaki: Stevenson aliangalia visa 387, watoto kama 36 kwa 100 walikuwa na woga unaofanana na kile kifo, na waliodai kufa maji karibu theluthi mbili waliogopa maji. Yule wa Burma alisema alikuwa karibu na rundo la kuni anataka kupika, kavaa kaptula na mkanda mpana, shati kalivua, ndege ikaja ikampiga risasi. Basi ndege ikipita juu ya kijiji, yeye kilio.

Hapa usijifanye mganga. Mtoto anayeogopa maji usimtose baharini "azoee", muogeshe kwa kata na ndoo, siku akitaka beseni mwenyewe sawa. Ukiona hofu inamnyima usingizi wiki baada ya wiki mpeleke hospitali, tena eleza hofu tu inatosha, kwa sababu mtoto anaweza kuogopa maji kwa sababu ya kawaida kabisa, labda dada wa kazi alimzamisha kwenye beseni na hamkujua. Hilo lichunguze kwanza, kabla hujaenda kutafuta maisha mengine. Na akisema "fulani ndo aliniua", andika, funga daftari, mdomo wako ufunge zaidi. Maneno ya mtoto wa miaka mitatu yakitoka nje kama shutuma, kijiji chetu kinavyojulikana, kuna mzee atachomewa nyumba.

Watu wazima wenye "kumbukumbu" nawapitia haraka. Ukilipa mtu akulaze usingizi wa kuongozwa (hypnosis) ili ukumbuke, utakumbuka chochote. Mwaka 1952 mama mmoja wa Pueblo, Colorado, alilazwa hivyo akawa Bridey Murphy wa Cork, Ireland, kazaliwa 1798, na lafudhi juu. Marekani ikapagawa. Baadae waandishi wa habari wakagundua utotoni kwake Chicago ng'ambo ya barabara alikaa mama wa Kiayalandi aliyekuwa anaitwa Bridie Murphey kabla hajaolewa. Hela yako nunulia unga.

Mwisho wa msimu utaujua, atachanganya, atasema "sijui", atakuangalia kama we ndo umechanganyikiwa. Hapo usimkumbushe, usimuite mbele ya wageni "hebu waambie ile ya mama wa zamani", atakubali kila kitu ili awafurahishe na utarudi kwenye punda. Wetu sasa ana miaka tisa, hakumbuki chochote, juzi nimemuuliza kuhusu nazi akaniambia hapendi maharage. Daftari liko kabatini kwa dada, lina kurasa nne, ile ya kwanza nimeikata mkasi.