Somo: Kuandika na kuuza riwaya ya kutisha ukiwa Tanga, bila kampuni ya uchapishaji

Wapendwa wanachama, wengi mmeniomba nieleze kazi yangu inavyokwenda. Nimeandika riwaya sita za kutisha na za upelelezi nikiwa hapahapa Makorora, na zote nimezitoa mwenyewe. Nitakwenda hatua kwa hatua. Hatua ya pili nitakaa nayo muda mrefu, kwa sababu ndiyo iliyoniliza.

Hatua ya 1: Anzia mahali unapoweza kufika kwa miguu yako

Sisi wa Tanga hatuna sababu ya kuazima majumba ya kutisha ya Ulaya. Mapango ya Amboni yako kilomita nane hivi kutoka mjini. Kisiwa cha Toten unakiona ukisimama ufukweni, kina magofu na makaburi ya kale, na jina walilokipa Wajerumani ni la wafu. Novemba 1914 jeshi la Uingereza, wengi wao askari kutoka India, lilishuka upande wa Raskazone kuja kuuteka mji. Likashindwa, na katikati ya mapigano nyuki wakawavamia askari. Hiyo ni historia tupu, hujaongeza hata neno.

Ila usiandike pango kwa kutazama picha. Nenda. Siku niliyokwenda Amboni na daftari, kilichonifaa hakikuwa masimulizi kwamba njia za chini zinatokea Mombasa. Kilichonifaa ni harufu ya popo, na ule wakati tochi ilipozimwa nikainua kiganja mbele ya uso nisikione. Mambo hayo mawili yalibeba sura nzima.

Hatua ya 2: Imalize simulizi yote kabla hujauza sehemu ya kwanza

Riwaya yangu ya pili, kila sehemu niliiandika na kuituma siku hiyohiyo. Wasomaji walishalipa shilingi 2,000 kila mmoja wapate simulizi nzima kwenye kundi la WhatsApp. Nilipofika sehemu ya 23 nikakwama. Nilikuwa nimemuua mhusika pekee aliyejua siri ya kaburi, na sikuwa na njia ya kumrudisha. Wiki hiyohiyo mwanangu akaugua. Nikanyamaza wiki ya kwanza, nikanyamaza ya pili, simu naiogopa.

Mama mmoja wa Pangani akanipigia. Hakunitukana. Alisema, "Mwanangu, mimi huwasomea wajukuu kila Ijumaa. Niwaambie nini?"

Nilirudisha pesa za waliodai. Wengine niliwaahidi riwaya iliyofuata bure, nikatimiza. Tangu hapo siuzi kitu ambacho neno lake la mwisho halijaandikwa. Mtu akilipia sehemu ya kwanza anakuwa amekukopesha imani, na sisi tusio na kampuni nyuma yetu hatuna mtaji mwingine.

Sasa utamalizaje? Chukua karatasi moja ujibu maswali matatu: siri ni nini, nani anaijua, na msomaji ataijua lini. Andika mwisho kabla ya mwanzo, hata kama baadaye utaubadilisha. Kisha weka maneno 600 kwa siku, siku sita kwa wiki. Wiki ya kumi na moja utakuwa na maneno 40,000 hivi, na hiyo ni riwaya. Liweke andiko kando wiki mbili, halafu msomee mtu kwa sauti. Pale anapoangalia simu yake, pana tatizo.

Kuhusu taharuki: wengi mnakatia sehemu kwenye ukelele. "Mlango ukafunguka, akapiga yowe! Itaendelea." Mara ya kwanza msomaji ataruka, mara ya tatu amezoea. Katia kwenye jambo linalomfanya ahesabu mwenyewe. Kwa mfano: *Alihesabu viatu mlangoni, vilikuwa jozi tano. Ndani walikuwa watu wanne.* Hakuna aliyepiga kelele hapo, lakini usingizi umekwisha.

Hatua ya 3: Uza sehemu kwa sehemu

Maneno 40,000 ukiyakata kwa 1,500 unapata sehemu 27. Tuma tatu kwa wiki, saa ileile. Mimi hutuma saa tatu usiku, watu wameshakula na nyumba imetulia. Sehemu tano za mwanzo zitoe bure. Pesa zipokee kwa lipa namba, si kwa namba yako ya nyumbani, na kila anayelipa muandike daftarini siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Kitabu cha karatasi

Kwanza karatasi za kisheria. Namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, na sheria yetu ya 1999 inailinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Pamoja na hayo, sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ili siku ya ugomvi uwe na ushahidi mkononi.

Kurasa zipange ziwe zinagawanyika kwa 16, maana karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa hivyo. Maneno 40,000 kwa ukubwa wa A5 yanaingia kwenye kurasa 144 bila kubanana. Kabla hujalipia zote, omba nakala moja, ifungue katikati mpaka mgongo ulale mezani. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza, nikapokea maboksi ya vitabu vinavyopukutika kurasa kama majani ya mwembe.

Hesabu fanyeni kabla ya kava. Tuseme unachapa nakala 200, kila moja inakugharimu shilingi 4,000. Hiyo ni laki nane. Unauza 8,000, mwenye duka anabaki na 2,000, wewe unapata 6,000. Lazima ziuzike nakala 134 ndipo mtaji urudi. Kama huwajui watu 134 watakaonunua, chapa pungufu. Njia hii si ngeni: Ben Mtobwa, bingwa wa riwaya za upelelezi, alikuwa na kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Korogwe: Shikamoo dada. Simulizi yangu imevuja, inasambazwa bure kila kundi. Nifanyeje?*

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Faili nzima usiitoe mpaka sehemu zote zimekwisha kuuzwa. Ukiitoa, kila mnunuzi mwekee namba yake ya simu chini ya kila ukurasa. Mtu huona haya kusambaza kitu chenye namba yake. Na kwenye sehemu za bure weka jina lako ndani ya maandishi, kwenye picha pekee linakatwa.

*Mwanachama wa Chumbageni: Bibi yangu hataki niandike majini. Anasema nitayaita.*

Msikilize bibi, usimbishie. Muulize yeye alisikia nini utotoni, huenda akakupa riwaya. Mimi nina mpaka wangu: mtaa nautaja, lakini nyumba ya mtu au mganga wa kweli simgusi. Watu wanaishi humo.

*Mwanachama wa Tongoni: Naweza kuandika kwa Kimtang'ata?*

Wahusika waongee lahaja yenu hiyo ya pwani, tena nakuomba. Msimulizi aende na Kiswahili cha kawaida ili wa Mwanza asipotee. Neno gumu lieleweke kwa kitendo kinachofuata, usiweke mabano.

*Mwanachama wa Handeni: Dada, unaishi kwa riwaya tu?*

Hapana kaka. Mchana nashona nguo. Riwaya zimelipa ada za shule na zimenunua cherehani ya pili, lakini kuna miezi mitatu mizima hazileti kitu.

*Mwanachama wa Muheza: Na yule mama wa Pangani, mlimalizana vipi?*

Nilipoimaliza ile riwaya, miezi saba baadaye, nilizichapisha sehemu zilizobaki kwenye karatasi nikapanda basi kumpelekea mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa. Macho yalishaanza kumsumbua, kwa hiyo sura ya mwisho aliisoma mjukuu wake wa darasa la sita, sisi wengine tumekaa mkekani tunasikiliza. Alipofika kwenye kaburi akasita, akamtazama bibi yake. Bibi akamwambia, "Soma."